Kununua gari Uganda, kwa taslimu au kwa mkopo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuwasindikiza wanunuzi kwenye mabondi ya Kampala, yaani yadi za magari yaliyoagizwa, kuanzia Nakawa hadi Kireka na Bweyogerere, na kukagua gari pamoja na karatasi zake kabla hela haijatoka. Wanaonipigia ni wafanyabiashara wa Kisenyi, familia za Bombo, madereva wa Malaba na Busia, walimu, askari. Maswali yao yanafanana sana, ndiyo maana nimeyaweka hapa pamoja na majibu. Mtu aliyejinyima miaka mingi ili apate gari moja hastahili kupoteza akiba yake kwa sababu tu hakuna aliyemwambia mambo haya mapema.

Nitamjuaje muuzaji mwaminifu?

Mpime kwa yale anayokuruhusu kufanya kabla hujalipa. Muuzaji wa kweli atakubali uje na fundi wako. Atakufungulia boneti injini ikiwa bado ya baridi, atakuacha upige picha namba ya chasisi, na atakutolea karatasi za gari hilo hilo unalolitazama. Ukimwomba siku mbili za kufikiri, atakupa. Anayekuharakisha kwa madai kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi, mwache ampokee huyo mteja. Magari yako mengi Kampala.

Jambo la pili, uliza gari ni la nani. Kwenye bondi moja unaweza kukuta magari ya waagizaji wanne au watano, na anayekuzungusha akawa dalali ambaye hana gari hata moja pale. Udalali wenyewe si kosa. Madalali wazuri wapo, na wanalijua soko kuliko mtu yeyote. Ila hela ya gari haipiti kwa dalali. Jina la mwagizaji kwenye karatasi za forodha, jina kwenye risiti na jina la akaunti ya benki unayolipia, yote matatu lazima yapatane. Kama ni kampuni, litafute jina lake kwenye sajili ya URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, uone kama ipo kweli na wakurugenzi wake ni akina nani. Ukiambiwa utume hela kwenye laini ya simu ya mtu binafsi ili mambo yaende haraka, aga uende zako.

Mama mmoja muuza vitenge alitoa arubuni ya mamilioni kwa kijana aliyekuwa na funguo za Harrier mkononi. Kijana alimfungulia milango, akawasha injini, akamkalisha kwenye usukani. Funguo zile alikuwa ameazimwa ili amwonyeshe mteja, basi. Mwenye gari hakuwahi kusikia habari za mama yule, na gari lenyewe lilikuwa limeshauzwa kwa mwingine. Tangu hapo kila ninayemsindikiza namwambia mapema: kushika funguo si kumiliki gari.

Bei niliyotajiwa ni ya gari zima au kuna nyingine inafuata?

Uliza hivi hivi: "Bei hii ni pamoja na ushuru na namba, au ni ya bondi tu?" Gari lililoko bondi bado liko mikononi mwa forodha. Ushuru wake haujalipwa, na haliruhusiwi kutoka getini mpaka ulipwe. Kwa hiyo magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja, yanaweza kutajwa kwa bei zenye pengo la mamilioni, na pengo lote likawa ni kodi tu. Wengi huvutiwa na bei ndogo, wakatoa arubuni, halafu wakakwama kwa kuwa hela ya ushuru hawana. Gari linakaa pale pale, na arubuni imekaa kwa mwenye bondi.

Halafu, ushuru ulipe mwenyewe. Wakala wa forodha akishaingiza taarifa za gari kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato, mfumo hutoa namba ya malipo, ile PRN, pamoja na kiasi kamili kinachodaiwa. Ichukue namba hiyo, lipia benki au kwa simu, risiti ubaki nayo. Hakuna haja ya hela ya serikali kupitia mfukoni mwa muuzaji. Ujira wa wakala mlipe kando, kwa kiasi mlichokubaliana kabla hajaanza kazi.

Kodi zenyewe zinahesabiwaje?

Hesabu huanzia kwenye thamani ya gari ukijumlisha bima na nauli ya meli. Watu wa kazi hii wote huiita CIF. Juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18 inayotozwa kwenye CIF pamoja na ule ushuru, na kodi ya zuio asilimia 6. Tuseme CIF ni shilingi milioni 15. Ushuru ni 3,750,000. VAT ni 3,375,000. Kodi ya zuio ni 900,000. Hapo tayari ni 8,025,000, kabla ya ada za usajili na tozo nyingine ndogo ndogo, na kabla ya tozo ya mazingira ambayo hulipwa na magari yenye umri mkubwa.

Usidhani pia kwamba URA itachukua tu bei iliyoandikwa kwenye ankara yako. Wana orodha yao ya thamani za magari yaliyotumika, huitoa kila mwezi, na ndiyo wanayoitazama. Viwango navyo huweza kubadilika kila mwaka mpya wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai. Piga hesabu kwenye tovuti ya URA wiki ile ile unayonunua, usitegemee hesabu ya jirani aliyenunua mwaka juzi.

Ni afadhali niagize mwenyewe kutoka Japani?

Kwa mtu mvumilivu anayejua anachokitaka, ndiyo, inaweza kukupunguzia gharama. Na faida kubwa ni karatasi ya mnada: gari nyingi za Japani hupitia minadani, na mkaguzi wa mnada huliandikia gari daraja pamoja na mchoro wa kila mkwaruzo. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. Ukiona R au RA, gari lilipata ajali likatengenezwa. Muuzaji wa mtandaoni ukimwomba karatasi hiyo akashindwa kuitoa, tafuta mwingine.

Ubaya wake ni kwamba unalipa kabla hujaligusa. Gari litashuka Mombasa au Dar es Salaam, na kutoka Mombasa hadi Kampala ni kilomita zaidi ya elfu moja na mia za barabara, kupitia Malaba au Busia. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze mfumo wa eneo moja la forodha mwaka 2014, taarifa za gari na kodi yake hushughulikiwa na URA gari likiwa bado bandarini. Kwa hiyo karatasi zikichelewa kufika, bandari inaanza kukuhesabia siku za kuhifadhi gari. Hizo siku zimewaumiza watu wengi. Na gari likifika, kabla hujasaini, kagua jeki, tairi la akiba, redio na vioo vya pembeni. Vitu hivyo hupungua njiani.

Mwenye haraka, au asiye na hela ya dharura pembeni, anunue gari lililokwisha kufika, ambalo anaweza kulishika na kulisikiliza.

Gari la umri gani linaruhusiwa?

Sheria ya Usalama Barabarani iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Hili si la wanasheria peke yao, linakusaidia hata wewe kuubaini uongo. Chukua Toyota Premio, gari linalopendwa sana hapa. Chasisi zinazoanza na NZT240 ziliacha kutengenezwa mwaka 2007. Zilizofuata ni NZT260. Gari la mwisho la 2007 lilitimiza miaka 15 mwaka 2022. Kwa hiyo leo mtu akikuonyesha NZT240 akasema "imeshuka juzi kutoka Japani", gari hilo liko nchini siku nyingi, limeoshwa tu na kupigwa polishi.

Mwaka wa gari usomee kwenye hati ya Japani ya kuruhusu gari kusafirishwa. Mara nyingi huandikwa kwa hesabu yao ya zama. Ukiona Heisei, jumlisha 1988. Heisei 23 ni mwaka 2011. Ukiona Reiwa, jumlisha 2018. Huo ni mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na kutengenezwa kunaweza kuwa kulitangulia kidogo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini utakuta lebo yenye mwaka wa kutengenezwa mkanda. Ukikuta lebo ya mwaka wa mbele kuliko gari lenyewe, uliza mikanda ilibadilishwa kwa sababu gani, kwa maana mikanda hubadilishwa sana baada ya ajali.

Herufi za namba ya usajili hazikuambii umri wa gari. Zinaonyesha lini lilisajiliwa Uganda, hazionyeshi lini lilitoka kiwandani.

Nikague nini kwa macho yangu kabla ya kumwita fundi?

Nenda asubuhi, jua likiwa limetoka na injini ikiwa baridi. Ukikuta injini ina moto, mtu ameitangulia kuiwasha, na kuna sauti au moshi ambao hakutaka uusikie wala kuuona.

Anza na bolti zinazoshikilia boneti na mabawa ya mbele. Kiwandani hupigwa rangi pamoja na bodi. Rangi ikiwa imekwanguka kwenye pembe za bolti, ujue spana imepita hapo, boneti imewahi kutolewa. Kisha simama pembeni ya gari utazame mwanga ukiteleza kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Sehemu iliyonyooshwa hupinda mwanga kama maji yaliyotikisika. Tazama nembo ndogo kwenye kona za vioo. Vyote vikiwa vya mtengenezaji mmoja isipokuwa kimoja, uliza hicho kimoja kilivunjikaje.

Fungua kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya maziwa kwa ndani maana yake maji yamekutana na oili, na gasketi ya kichwa cha injini inaweza kuwa imekwisha. Kwa Subaru za injini kubwa za zamani hili litazame mara mbili.

Inua zulia chini ya kiti cha dereva, uguse na unuse. Harufu ya uvundo, kutu kwenye reli za kiti, au mstari wa tope kwenye mkanda ulipouvuta mpaka mwisho, hilo ni gari la mafuriko. Usilinunue kwa bei yoyote ile. Nyaya zake zitakusumbua miaka yote utakayokuwa nalo.

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa za dashibodi lazima ziwake zote, ile ya injini ikiwemo, na injini ikiwaka zizimike. Taa ya injini isipowaka kabisa, kuna aliyeizima makusudi ili isikusemee tatizo. Hapo ndipo fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anapokulipa hela yake.

Tairi zina tarakimu nne ndani ya duara refu pembeni. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hata likiwa na meno mazuri ni gharama inayokungoja, kwa hiyo lipunguze kwenye bei.

Gari la bondi halitoki barabarani kwa kuwa halina namba, basi utaliendesha ndani ya uwanja tu. Hata hapo, weka D, kisha R, kisha D tena, taratibu, mguu ukiwa kwenye breki. Giaboksi nzima haishtuki wala haigongi. Kwa gari lenye namba, lipeleke kupanda mlima wa Naguru au Kololo ukiwa na AC imewashwa, halafu utazame geji ya moto.

Kilomita za kwenye dashibodi ni za kuaminika?

Zenyewe peke yake, hapana. Linganisha na hati ya Japani, ambayo huonyesha kilomita zilizosomwa ukaguzi wa mwisho wa kule, na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa ambacho UNBS, shirika la viwango, hukidai kwa magari yaliyotumika. Dashibodi ikisema 62,000 na cheti kikasema 141,000, mazungumzo yameisha. Kama karatasi hazipo, tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani juu kulia, na ukingo wa kiti cha dereva upande anaoshukia. Kilomita 60,000 haziwezi kuula mpira wa pedali mpaka chuma kionekane.

Mimi ni mwanamke, na kila ninapokwenda kuulizia gari naongeleshwa kama mtoto. Nifanyeje?

Dada, hili nalisikia sana na linaniudhi. Usipeleke shemeji au mjomba kwa sababu tu ni mwanamume. Peleka fundi unayemlipa wewe, ambaye hana undugu wala urafiki na bondi. Mlipe kwa kukagua, uwe umenunua au hukununua, ili asiwe na haja ya kukusukuma ununue. Mwambie asitaje bei mbele ya muuzaji. Maswali yaulize wewe, na majibu yaandike kwenye daftari mbele yao. Nimeona wauzaji wakibadilisha lugha mara tu kalamu inapotoka.

Nanunua kwa mtu binafsi, gari lina namba tayari. Nihakikishe nini?

Hapa hatari iko kwenye madeni yanayolifuata gari. Logibuku halisi, yaani hati ya umiliki wa gari, uione kwa macho, na jina lililomo liwe la huyo anayekuuzia, si la "rafiki yuko Dubai". Kama anauza kwa niaba ya mtu, pawe na hati ya uwakilishi na mwenye gari umwone hata kwa simu ya video. Soma namba ya chasisi na ya injini kwenye gari lenyewe, tarakimu moja baada ya nyingine, ulinganishe na logibuku. Sajili ya magari, ambayo kwa miaka mingi ilikaa URA, itakuthibitishia mmiliki ni nani. Lipitishe pia kwa polisi wa Interpol, walilinganishe na magari yaliyoibwa.

Kisha kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui kabisa. Tangu Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya mwaka 2019, URSB inatunza sajili ya mali zilizowekwa rehani, magari yakiwemo. Mtu anaweza kuwa amelikopea gari, akakuuzia, na miezi mitatu baadaye wapiga mnada wakalichukua kwenye geti lako. Tafuta gari kwenye sajili hiyo kabla hujalipa. Ni kazi ya muda mfupi.

Angalia pia faini za EPS, zile za papo kwa papo za polisi wa barabarani, kwa namba ya gari. Zisizolipwa zitabaki na gari, na askari wa barabarani atakusimamisha wewe.

Hela ya mwisho itoke mkiwa pamoja, karatasi za kuhamisha umiliki zikiwa zimesainiwa na TIN zenu zote mbili, yaani namba za mlipakodi, zikiwa tayari. Usikubali kutembea na logibuku ya mtu kwa miaka; akifariki au akihama, utakuwa unawatafuta warithi.

Nikikopa, nikope wapi?

Kwa mpangilio huu: chama chako cha akiba kwanza, benki ya pili, mwenye bondi wa tatu. Mkopeshaji wa mtaani mwache. SACCO iliyoendeshwa vizuri inakujua, na riba yake mara nyingi ni ya kubebeka. Benki nyingi kubwa zina mikopo ya magari au mikopo ya mshahara, na mwajiri wako akiwa na makubaliano na benki unapata masharti mepesi zaidi. Mkopo wa mwenye bondi ni rahisi kuupata kuliko yote, na huo urahisi umeshaingizwa kwenye bei: gari lile lile lina bei ya taslimu na bei ya mkopo. Uliza zote mbili, kwa maandishi.

Benki mbili zimeniambia asilimia 20 kila moja, lakini marejesho hayalingani. Kwa nini?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaokoa mamilioni. Kuna riba inayohesabiwa kwenye deni lote la mwanzo mpaka mwisho, na kuna riba inayohesabiwa kwenye salio linalopungua. Zote zinaweza kuitwa asilimia 20.

Umekopa milioni 20 kwa miezi 24. Kwa riba isiyopungua, kila mwaka unadaiwa milioni 4, miaka miwili milioni 8. Unarudisha milioni 28, karibu 1,166,700 kila mwezi. Kwa riba ya salio linalopungua, rejesho ni karibu 1,018,000 na jumla ni kama milioni 24.4. Tofauti inazidi milioni tatu na nusu, na neno "asilimia 20" halikubadilika. Anayekopesha kwa "asilimia 5 tu kwa mwezi" kwenye deni lote, milioni 10 kwake inakuwa milioni 16 ndani ya mwaka mmoja.

Basi acha kuulizia asilimia. Uliza: nikichukua kiasi hiki, siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla, ukiweka ada ya kuandaa mkopo, bima, wakili na kifaa cha kufuatilia gari? Waambie waiandike. Miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2011 ya kuwalinda wateja inataka benki ikuelezee gharama kamili kabla hujasaini, kwa hiyo usijisikie unasumbua. Uliza pia ukilipa deni mapema kuna faini gani.

Benki itataka nini kwangu?

Kitambulisho cha taifa, TIN, taarifa za akaunti za miezi kadhaa, barua ya mwajiri au vitabu vya biashara, na kianzio. Watatazama historia yako kwenye CRB, kumbukumbu za wakopaji. Mikopo midogo ya simu isiyolipwa huonekana pale, imalize kwanza. Gari lenyewe huwa dhamana: jina la benki huandikwa kwenye logibuku pamoja na lako hadi deni liishe. Ukimaliza, fuatilia mpaka jina lao litoke na dhamana ifutwe kwenye sajili. Wengi humaliza kulipa wakasahau hatua hiyo, wakaja kukwama siku ya kuuza.

Mimi ni Mwislamu, riba siitaki. Nina njia?

Ipo. Salaam Bank ilipata leseni ya benki ya Kiislamu mwaka 2023, ya kwanza nchini. Njia ya kawaida kwa gari ni murabaha: benki inalinunua gari, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu inayojulikana tangu siku ya kwanza, unalipa kidogo kidogo. Bei ile haipandi. Bado linganisha jumla na benki nyingine, na ukaguzi wa gari ufanye kama kawaida.

Mwenye bondi ananipa gari nilipe polepole. Nisome nini kwenye mkataba?

Soma kipengele cha kunyang'anywa gari. Ukichelewa siku ngapi? Watakupa taarifa ya maandishi? Wakilichukua na kuliuza, hela inayozidi deni ni ya nani? Nimesoma mikataba inayosema kwamba ukikosa rejesho moja tu gari linarudi na yote uliyolipa yanapotea. Usisaini mkataba wa namna hiyo hata kama gari umelipenda. Watafunga kifaa cha kufuatilia na watabaki na ufunguo mmoja. Hilo ni la kawaida, lakini liandikwe, pamoja na siku ya kurudishiwa ufunguo.

Na kianzio usikitoe chote ulichonacho. Baki na hela ya marejesho ya miezi miwili au mitatu. Biashara ya Januari, ada za shule zikiwa zimegonga, kila mfanyabiashara anaijua.

Bima ipi?

Bima ndogo ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria tangu 1989. Gari la mkopo benki itadai bima kubwa, na gharama yake ya kila mwaka iingize kwenye hesabu mapema.

Gari gani hasa?

Lile ambalo spea zake ziko soko la Kisekka, Kampala, na fundi wa mji wako analijua. Kwa anayeishi Arua, Moroto au Kasese, hilo lina uzito kuliko rangi, skrini na viti vya ngozi.

Mkataba wa kuuziana uandikweje?

Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, kwa hiyo kila gari limo. Andika majina kamili na namba za vitambulisho, namba ya chasisi na ya injini, mwaka, kilomita, bei, kilichotolewa na kilichobaki, tarehe ya kukabidhiwa, na nani analipa ushuru. Arubuni iwe na sentensi yake: itarudishwa ndani ya siku ngapi gari likionekana na kasoro ya karatasi. Mashahidi wawili, mmoja wa upande wako. Kwa gari la mtu binafsi mtaani, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ni shahidi mzuri kwa sababu anamjua muuzaji anapokaa. Ahadi yoyote ya mdomo, kama "giaboksi nitakubadilishia", iingie humo, la sivyo ihesabu kwamba haikutolewa.

Nimeshatoa arubuni, gari silioni na muuzaji hashiki simu. Nifanye nini?

Fanya leo. Kusanya risiti, ujumbe wa simu, taarifa ya benki ya malipo, na picha za gari. Mwandikie barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kurudisha hela, umtumie kwa njia yenye ushahidi, nakala kwa mwenye bondi kama ilifanyika bondini. Kama alijifanya mmiliki na sivyo, huo ni udanganyifu. Fungua kesi polisi uchukue namba ya kumbukumbu. Kama gari lipo na bado lina jina lake, mwombe wakili aweke zuio kwenye sajili ili lisihamishwe.

Na kama unachodai hakizidi shilingi milioni 10, iko njia ya madai madogo mahakamani, ambayo ilianzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Hapo husimama mwenyewe bila wakili. Nenda ofisi ya hakimu iliyo karibu na anapokaa au anapofanyia biashara muuzaji, omba fomu ya madai madogo, uende na nakala ya ile barua.